Sumu haifi: kufundisha watu wazima kusoma kwa kuhoji

SWALI: Nafundisha kisomo cha jioni katika kijiji kimoja wilayani Chamwino, mkoani Dodoma. Nina wanakisomo 22, wengi wao akina mama wa miaka 30 hadi 60. Kusoma wanasoma, tena kwa sauti nzuri, lakini nikiuliza mwandishi amesema nini na kama ni kweli, wananirudishia maneno yale yale ya kwenye karatasi. Ujumbe wa kwenye simu wanaupokea kama tangazo la serikali. Nimepewa vipeperushi vya sumukuvu (sumu inayotengenezwa na kuvu, yaani ukungu wa kwenye mahindi na karanga) na vya maji safi. Nawezaje kuvitumia kuwafundisha kusoma kwa kuhoji, bila kuwafikisha mahali pa kumkataa hata mganga wa zahanati? (Mwezeshaji, Chamwino)

JIBU: Ndugu mwezeshaji, hofu uliyoiweka mwishoni mwa swali ndiyo ya kuanzia. Anayekataa kila anachosoma na anayekubali kila anachosoma wamefanana: wote wawili wameamua kabla ya kufika mstari wa pili. Unachotaka kumjengea mwanakisomo ni uwezo wa kusubiri kidogo na kusema, "Hili sijalithibitisha, na hivi ndivyo nitakavyolithibitisha." Afya ya mazingira inafaa sana kwa zoezi hilo kwa sababu uthibitisho wake uko hatua chache kutoka darasani. Mahindi yako kwenye magunia, kisima kinaonekana kwa dirisha, moshi uko jikoni. Siasa na dini havikupi nafasi hiyo, na ndiyo maana nakushauri usianze navyo.

Kabla ya maandishi, angalia macho. Kuanzia miaka 40 hivi jicho huanza kushindwa kuona vitu vya karibu, na herufi za kipeperushi ni ndogo. Mpe kila mmoja karatasi aisome akiwa amekunja mikono kawaida, kama sentimita 40 kutoka usoni. Anayeisogeza mbali mpaka mkono unanyooka anahitaji miwani ya kusomea, na mpaka aipate hutajua kama tatizo lake ni kuelewa au ni kuona. Mkoa wa Dodoma una historia ndefu ya trakoma pia. Mwenye kope zilizogeukia ndani zikikwaruza jicho, au anayetokwa machozi kila wakati, mpeleke kliniki ya macho mapema. Baadhi ya wale wanaokariri badala ya kusoma wanasikiliza mwenzao wa pembeni na kurudia, kwa kuwa karatasi hawaioni vizuri.

Kwa hiyo nakili maandishi kwenye bango kitita kwa kalamu ya wino mzito, herufi za sentimita 3 hivi, maneno manne au matano kwa mstari. Maandishi ya maneno 70 yatakula karatasi mbili, na hapo ndipo ukomo wa wiki za mwanzo. Nakili neno kwa neno, pamoja na makosa yake, herufi zake kubwa na alama zake za mshangao. Ukiyasafisha umeondoa nusu ya ushahidi. Jina la aliyeandika lifunike kwa kipande cha karatasi, utalifunua baadaye.

Kisha tafuta kopo lenye kifuniko, utoboe tundu juu yake, uliweke nyuma ya darasa, ndilo sanduku la kura. Kila mwanakisomo anapewa punje ya mahindi, harage na karanga. Mahindi ni "naamini", harage ni "sina hakika", karanga ni "siamini"; anatumbukiza punje moja tu. Wanapiga kura mara ya kwanza baada ya kusikia maandishi yakisomwa mara moja, na mara ya pili mwisho wa kipindi. Kura ya siri ina maana kubwa kwa watu wazima. Mama wa miaka 55 hatanyoosha mkono kupinga alichokubali mwenyekiti wa kitongoji aliyekaa benchi la mbele, lakini harage lake ataliweka. Usiruhusu wachache wakaweka punje mbili. Hesabu lazima ilingane na waliopo.

Kipindi cha dakika 90 kinaweza kwenda hivi: kura ya kwanza na kusoma kimya vichukue dakika 15; kumweleza jirani maandishi yanasema nini, bila kuangalia bango, dakika 10; kuhoji mstari kwa mstari, dakika 30; kuhakiki kwa mikono, dakika 20; kuandika sentensi mbili kwenye daftari na kura ya pili, dakika 15. Kusoma kwa pamoja kwa sauti acha kabisa katika vipindi hivi. Sauti za pamoja humficha aliyepotea, na mwanakisomo mwenye sauti nzuri huweza kutumia akili yote kwenye matamshi akafika mwisho bila maana yoyote kichwani. Wakati wa kumweleza jirani, wanaotaka kutumia Kigogo watumie. Sharti ni moja: wakirudi mbele ya wote, waguse kwa kidole mstari wa Kiswahili uliowaambia hivyo.

Ujumbe mmoja, kwa karibu

Anza na ujumbe wa simu kabla ya kipeperushi. Huu hapa umetungwa kwa ajili ya darasa, kwa mtindo wa zile zinazozunguka, na yaliyomo SI KWELI:

"TAHADHARI KWA FAMILIA ZOTE! Wataalamu wamethibitisha kuwa sumukuvu hufa kabisa ugali ukipikwa kwa dakika 40. Mahindi yaliyoota ukungu yaoshwe kwa maji ya chumvi, yaanikwe siku 2, yanarudi kuwa salama. Imeonekana familia nyingi zimeokoa magunia yao. Usikae na ujumbe huu, watumie watu 10 uwapendao!"

Waambie wapige mstari ulionyooka chini ya kila kitu kinachoweza kupimwa au kuulizwa, na mstari wa mawimbi chini ya kila kitu kinachovuta moyo. Dakika 40, siku 2 na maji ya chumvi vitapata mstari ulionyooka. "Tahadhari", "uwapendao" na "familia zote" vitapata mawimbi. Watabishana kuhusu "wataalamu", na mabishano hayo ndiyo somo, usiyakate. Neno hilo linaonekana kama ushahidi, lakini ukiuliza wataalamu gani, wa wapi, waliosema lini, mkono wako unabaki mtupu. Ni mawimbi yaliyovaa nguo ya mstari ulionyooka.

Hapa Kiswahili chenyewe ni zana. "Imeonekana" ni kauli ya kutendeka: imeonekana na nani? Mwanakisomo ajizoeze kwamba kila akikutana na "imethibitishwa", "imegundulika", "inasemekana", anaongeza kwa mdomo "na nani?" na kutafuta jibu ndani ya maandishi. Jibu lisipokuwepo, anachora duara tupu pembeni. Kisha "hufa": kiambishi hu- hakina nafsi wala wakati. Kinafanya jambo lisikike kama desturi ya dunia, kama jua huchomoza. Waulize, hufa mara zote? Kwenye kila sufuria? Na "yaoshwe, yaanikwe" hakitaji anayefanya, wala maji kiasi gani, wala chumvi kiasi gani. Mama anayejua kupika anajua kwamba maelekezo yasiyo na kipimo yameandikwa na mtu asiyewahi kupika.

Sasa rudi kwenye neno "hufa", kwa sababu ndani yake kuna kosa ambalo darasa linaweza kuligundua lenyewe. Andika SUMU upande mmoja wa bango na KUVU upande wa pili. Uliza: kati ya hivi viwili, kipi ni kiumbe hai? Kuvu ni hai. Huota, hukua, hufa kwa moto. Sumu yake haina uhai, kwa hiyo haiwezi kufa. Inabaki kwenye punje hata baada ya kuvu aliyeitengeneza kufa, kama vile sumu ya nyoka inavyobaki kwenye jeraha ilhali nyoka ameshauawa. Sumukuvu huanza kuharibika kwenye joto la zaidi ya nyuzi 200, ilhali ugali unaochemka hauzidi nyuzi 100 na kidogo. Ukipika dakika 40 au saa mbili, kuvu amekufa na sumu ipo. Darasa likifika hapo kwa miguu yake, limejifunza kwamba neno moja lililotumika vibaya linaweza kuangusha ujumbe mzima, na halitalisahau.

Tahadhari moja ya kiufundi. Watu hukumbuka ujumbe na kusahau sahihisho. Kwa hiyo kabla ya kubandika bango la ujumbe wa uongo, andika juu yake kwa wino mwekundu UJUMBE UNAOCHUNGUZWA. Usiruhusu upigwe picha. Na mwisho wa kipindi lichane mbele yao. Kinachobaki ukutani kiwe sentensi sahihi waliyoitunga wao: "Kupika hakuondoi sumukuvu."

Chupa, chumvi, na kipimo kinachohojiwa

Uhakiki wa kwanza wa mikono uwe huu. Chukua chupa ya kioo ya mililita 750 yenye kifuniko, kavu kabisa. Tia mahindi gramu 250 hadi 300, karibu nusu ya chupa, na chumvi laini kavu gramu 20 hadi 30, yaani vijiko vinne au vitano vya chai. Funga, tikisa kwa nguvu dakika moja, acha itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu wa mahindi umezidi asilimia 15 na hayafai kuhifadhiwa. Isipoganda, yako chini ya hapo. Fanya kwa chupa mbili: mahindi yaliyoanikwa siku nyingi na mengine yaliyoloweshwa kidogo kisha kufutwa. Kosa la kawaida ni chumvi iliyokaa wazi jikoni ikavuta unyevu. Ikaange kidogo kwenye kikaango kikavu kwanza, la sivyo kila chupa itaonyesha mahindi mabichi.

Wakishashangilia, kihoji kipimo chenyewe. Chumvi haikuganda: je, mahindi haya hayana sumukuvu? Wengi watasema ndiyo. Waambie wataje nini hasa chupa imepima. Imepima unyevu. Mahindi yaliyoota kuvu yakiwa shambani, kisha yakakaushwa vizuri, yatapita kwenye chupa na sumu yake ndani. Tena kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ya kuhifadhi na kuuza ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, wakati chupa inaona 15 tu. Kwa hiyo kupita kwenye chupa ni "endelea kuanika siku nyingine moja au mbili", si "funga gunia". Hata mfuko wa kinga njaa, ule wa kuhifadhia nafaka usiopitisha hewa, unahitaji mahindi makavu. Ukifungia ndani yake yenye unyevu, umeyafungia pamoja na tatizo lake. Mwanakisomo anayeweza kusema kipimo hiki kinajibu swali gani na hakijibu lipi amefika mbali kuliko wengi waliomaliza sekondari.

Namba zisome kwa vitu. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki kwa sumukuvu yote kwenye mahindi ni maikrogramu 10 kwa kilo. Kwa gunia la kilo 100 hiyo ni miligramu moja. Miligramu moja ni kama punje 15 hadi 20 za chumvi laini ya mezani. Zihesabu juu ya karatasi nyeusi, ziweke mbele ya gunia lililojaa. Baada ya hapo hakuna atakayesema "mbona sioni kitu" kama hoja ya kwamba mahindi ni salama.

Mlipuko wa ugonjwa wa sumukuvu wa mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara utatajwa hata usipoutaja. Taarifa ya kitaalamu iliyotoka baadaye ilihesabu wagonjwa 68 na vifo 20. Soma namba hizo kwa darasa kwa njia mbili: vifo 20, na karibu watu 3 kwa kila wagonjwa 10. Ya pili inaonyesha ukali wa sumu kuliko ya kwanza. Kisha uliza: gazeti lililoandikwa mlipuko ukiwa bado unaendelea lingetaja idadi ipi? Lingetaja ndogo, na halingekuwa limedanganya. Tarehe ya maandishi ni sehemu ya maana yake. Lakini nenda taratibu. Katika vijiji vya mkoa huu anaweza kuwepo aliyezika. Tangaza mada siku moja kabla, na asiyetaka kuja siku hiyo asiulizwe.

Kipeperushi nacho kihojiwe

Baada ya ujumbe, leta kipeperushi, na kihojiwe kwa maswali yale yale. Hapa wawezeshaji wengi hulegea: wanahoji cha mitaani na kukisujudia cha ofisini, na wanakisomo wanajifunza kwamba kuhoji ni kuangalia muhuri. Wazazi wa wanakisomo wako walipitia kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, redio na vijitabu vikisomwa kwa vikundi nchi nzima, watu wanaokadiriwa kufikia milioni 2. Wakati ule maandishi ya afya yalitoka karibu mdomo mmoja. Siku hizi yanatoka kila simu, na mazoea ya kuamini yamebaki ya wakati ule.

Sentensi ya kawaida ya kipeperushi ni "Hifadhi mahindi yaliyokauka vizuri." Vizuri ni kiasi gani? Darasa lililotikisa chupa litajibu lenyewe. Nyingine: "Usile wala usiuze mahindi yenye ukungu." Ni kweli. Uliza kilichoachwa. Kwa kawaida atatokea mama mmoja na swali ambalo mwandishi hakuliwaza: niyapeleke wapi? Kuku? Ng'ombe? Pombe? Ni maswali ya mtu mwenye magunia manne na ada ya mtoto, na yana majibu. Kuku na bata hudhurika. Ng'ombe akila, sehemu ya sumu hutoka kwenye maziwa. Kutengeneza pombe hakuisafishi. Kuchambua punje zilizovunjika, zilizotobolewa na zilizobadilika rangi, kisha kukoboa, hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa ingawa hakuimalizi. Yaliyochambuliwa yafukiwe. Kipeperushi hakikudanganya, ila kiliacha mzigo wote kwa msomaji bila kumwambia gharama yake, na mwanakisomo ana haki ya kuliona hilo.

Sasa jibu la hofu yako. Kila baada ya kuhoji, darasa lijibu maswali mawili kwa maandishi. Nikiamini na ikawa uongo, napoteza nini? Nikikataa na ikawa kweli, napoteza nini? Kwa ujumbe wa simu: nikiuamini na ukawa uongo, napoteza ini la mtoto, nikiukataa na ukawa kweli, napoteza debe la mahindi. Kwa kipeperushi kinachosema chambua: nikikiamini na kikawa na makosa, nimepoteza mchana mmoja wa kazi, nikikikataa na kikawa kweli, nimepoteza ini lile lile. Mwanakisomo anayepima hivi hatamkataa mganga wa zahanati. Atafuata ushauri leo huku swali lake akiwa ameliandika kwa ajili ya kesho. Kutokuwa na uhakika hakumzuii mtu kuchagua upande ulio salama, na hilo lifundishwe waziwazi, kwa maneno, kila kipindi.

Cheti cha maji

Mada ya pili iwe maji, na maandishi yawe matokeo ya kipimo cha kisima. Omba nakala kwa chombo kinachoendesha maji ya kijiji au ofisi ya wilaya ya RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini. Usipopata, tunga cha mfano kama hiki, na uwaambie kwamba ni cha mfano:

Kisima kirefu. Sampuli: 1, Septemba. Floridi: miligramu 2.3 kwa lita. Nitrati: miligramu 62 kwa lita. Bakteria wa kinyesi: 0 kwa mililita 100. Maoni: maji ni masafi.

Kazi yao ni kulinganisha neno la mwisho na namba zilizo juu yake. Kiwango cha floridi ni 1.5, cha nitrati, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ni 50. Maoni yameangalia bakteria peke yake. Neno "masafi" ndilo lililobeba udanganyifu, maana kwa Kiswahili cha kila siku maji masafi ni yale yanayong'aa, na floridi haina rangi wala ladha.

Halafu historia ya kiwango. Tanzania iliwahi kuruhusu floridi miligramu 8 kwa lita, kwa sababu ya uhaba wa maji mbadala, ikashuka hadi 4, na sasa ni 1.5. Maji ya cheti hiki yangeandikwa "yanakubalika" katika vipindi viwili vya mwanzo na "hayakubaliki" leo, bila tone moja kubadilika. Mwanakisomo akutane na jambo hilo mapema: "salama" kwenye karatasi ni makubaliano ya mwaka fulani, yaliyowekwa kwa sababu zinazoweza kuulizwa. Uhakiki wa mtaani upo pia, japo ufanywe kwa staha. Floridi hutia madoa meno yakiwa bado yanajengeka utotoni. Aliyekulia penye maji hayo huenda akawa na meno ya kahawia. Aliyeolewa kutoka mbali akiwa mtu mzima, akinywa kisima kile kile miaka 20, hana. Singida kuna maeneo ambako hili linaonekana wazi. Waache walitaje wao. Usimwangalie mtu mdomoni.

"Chemsha maji ya kunywa" ni sentensi sahihi inayosomwa vibaya. Inaua vimelea. Haigusi floridi wala nitrati, tena huzikoleza: lita 10 zikichemka mpaka zikabaki 8, floridi ya 2.3 inapanda hadi karibu 2.9. Hesabu hiyo ifanyeni ubaoni. Ila hakikisha hawatoki wakisema kuchemsha hakufai. Waulize kunafaa kwa nini, hakufai kwa nini, na kila mmoja aandike pande zote mbili kabla ya kuondoka.

Nitrati ina mtego wake wa kusoma. Maabara moja huandika nitrati yenyewe, nyingine huandika nitrojeni iliyomo ndani ya nitrati. 62 kwa njia ya kwanza ni 14 kwa njia ya pili, na ni maji yale yale. Kikomo nacho hushuka kutoka 50 hadi 11 hivi. Anayelinganisha 14 na 50 ataondoka amefurahi bila sababu. Maji ya ardhini ya Dodoma yamewahi kukutwa na nitrati nyingi, na vyanzo vyake vya kawaida ni vyoo, mazizi na mbolea, kwa hiyo swali si la kinadharia, hasa kwa mtoto wa chini ya miezi 6 anayepewa maziwa ya kukorogwa kwa maji hayo. Mwisho wasome tarehe. Sampuli moja ya Septemba, kiangazi, haisemi chochote kuhusu bakteria wa Januari mvua zikishaosha vyoo kuelekea kisimani.

Mada nyingine zitoshe kipindi kimoja kimoja. Kwenye moshi, wapeni sentensi "mkaa hauna moshi, kwa hiyo hauna madhara", mtafute hewa ya sumu isiyoonekana ambayo mkaa huitoa. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ifikapo 2034: wasome asilimia 80 ya nini. Kwenye viuatilifu, tumia lebo ya chupa tupu iliyooshwa na kutobolewa, na mkanda wake wa rangi: nyekundu kali zaidi, kisha njano, bluu, kijani. Wengi husoma kijani kama ruhusa. Hakuna rangi inayosema chupa hiyo ibebe maji ya kunywa.

Panga mada kwa msimu. Sumukuvu ifundishwe Mei hadi Julai mahindi yakiwa uani, maji kuanzia Septemba. Mwezi Januari wanakisomo wako shambani na hakuna mahindi mapya ya kutia chupani.

Yanayoharibika mara kwa mara

Kubwa ni mwezeshaji kugeuka jibu. Watakuuliza, "Mwalimu, sasa ukweli ni upi?" na ukijibu, kuhoji kumeisha. Rudisha: "Mstari upi umekuambia hivyo?" Lakini usiwaache waende nyumbani na jambo la hatari likiwa linaning'inia. Dakika tano za mwisho sema unachokijua na umekijuaje.

La pili ni mgeni. Ukimwita mhudumu wa afya siku ya kwanza atahutubia dakika 80 na darasa litarudi kuwa la kusikiliza. Mwite kipindi cha mwisho cha mada, mpe maswali yaliyoandikwa na wanakisomo siku mbili kabla, umwekee dakika 20. Na akisema kitu kinachopingana na karatasi, usimwokoe kwa haraka; mwambie mwanakisomo amsomee mstari kwa heshima. Mhudumu mzuri hupenda hilo.

La tatu ni kufunua jina la mwandishi mapema. Likifunikwa mpaka kura ya pili, kisha likafunuliwa na kura ya tatu ikapigwa, mtaona wenyewe punje ngapi zilihama kwa sababu ya jina peke yake. Mjadala wa dakika 10 juu ya punje hizo ni bora kuliko hotuba yoyote juu ya vyanzo vya kuaminika. Wakati mwingine kuhama ni halali kabisa: jina la taasisi inayopima maji lina uzito ambao jina la muuza dawa za kusafishia maji halina.

Maendeleo yao usiyapime kwa kura, kwa sababu darasa zima laweza kuweka karanga kukufurahisha. Pima kwa maandishi mawili wasiyowahi kuyaona, moja kabla ya wiki ya kwanza na jingine baada ya wiki ya sita, yanayolingana kwa urefu na ugumu, mada tofauti na zile mlizofundishana. Kila mmoja ajibu peke yake, kwa mdomo kama mkono wake ni mzito: onyesha dai linaloweza kupimwa, onyesha neno linalovuta moyo, nani amesema na amejuaje, taja jambo moja lililoachwa, utalihakiki vipi kabla ya Jumapili, nikikosea napoteza nini kila upande. Alama moja kwa kila jibu lililoguswa kwa kidole kwenye mstari, au lililoelezwa kwa sababu. Swali la nne, la kilichoachwa, ndilo huchelewa kuliko yote, kwa sababu linamtaka msomaji aone kisichokuwepo. Ikifika wiki ya sita na nusu ya darasa bado inalikosa, ongeza vipindi viwili vya zoezi moja: wape kipeperushi kizuri ambacho umekata sentensi moja ya lazima, kwa mfano ile ya kukausha mahindi kabla ya kufunga mfuko, wao waseme pengo liko wapi. Kata moja tu kwa wakati, na sentensi uliyoikata ikae mfukoni mwako mpaka waitunge.